Nani Kakupa?

Ukitaka kumpata kropi, subiri wenye nyumba waondoke. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa huku Missouri, na miaka sita baadaye sijaona sababu ya kuibishia. Kiangazi chote Lake of the Ozarks ni kelele tupu: boti za mwendo kasi, muziki, watoto wanaojirusha majini kutoka kwenye magati. Oktoba ikifika katikati, kelele zinapungua. Novemba inakuta majani yameshaanguka, boti zimefunikwa maturubai, nyumba za wikiendi zimefungwa, na baridi imeanza kuuma vidole. Hapo ndipo samaki anapoingia chini ya magati kwa wingi, utadhani naye alikuwa anasubiri watu wampishe.

Jina lake huandikwa crappie, lakini wenyeji hapa hutamka kropi, na ukitamka vingine wanajua wewe mgeni. Ni samaki bapa, ubavu mwembamba kama sato aliyekonda, rangi ya fedha yenye mabaka meusi. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na siku ya kwanza utadhani wote ni aina moja. Njia ya uhakika ni kuhesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweusi ana saba au minane, mweupe ana sita au pungufu. Si samaki mkubwa. Mwenye sentimita 30 huyo anapigwa picha kabla ya kuingia ndooni.

Mimi nimezaliwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria. Nguo zangu za shule zilinuka samaki, daftari zangu zilinuka samaki, na karo yangu ililipwa na samaki. Lakini hadi natimiza miaka 41 sikuwa nimewahi kuvua samaki hata mmoja.

Hili nilieleze vizuri, maana wenzangu kazini hapa Marekani hawakunielewa. Kijijini kwetu mwanamke hakupanda mtumbwi wa kuvulia. Ilisemekana ni mkosi, nyavu zitarudi tupu. Mwanamke alipaa magamba, alitumbua, alikaanga, alibanika, alianika dagaa mchangani, alibeba beseni kichwani hadi sokoni. Kazi yote baada ya samaki kufika nchi kavu ilikuwa yetu. Kumtoa majini, hapana.

Kwa hiyo mama yangu maisha yake yote alikuwa mtu wa kusubiri. Usiku usio na mbalamwezi wanaume walitoka na karabai kwenda kuvua dagaa, na ukikaa ufukweni uliona taa zao zimejipanga majini kama mji mwingine. Alfajiri mama alikuwa ameshasimama mwaloni na ndoo zake pamoja na wanawake wenzake. Mitumbwi ilipofika, bei ilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kujulikana. Tajiri wa mtumbwi akikutaka wewe, unapimiwa mapema. Asipokutaka, unabaki unaokota waliomwagika. Upande wa Kenya wana neno lake, jaboya, na limeandikwa sana: mwanamke anampa mvuvi mwili ili auziwe samaki kabla ya wengine. Kijijini kwetu neno hatukuwa nalo, jambo lenyewe tulilijua. Mwanamke akitoka mwaloni na beseni limejaa siku ambayo wenzake wana nusu, aliulizwa swali moja tu, mara kwa utani, mara kwa sumu: "Nani kakupa?"

Mama aliulizwa swali hilo mara nyingi. Sijui alijibu nini, maana mimi nilikuwa nyuma yake na beseni dogo, na watoto walikuwa hawajibiwi wala hawaulizwi.

*

Ninaishi Columbia, mji wa katikati ya jimbo, na nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Huko ndiko nilikokutana na mama mwenye gati. Ni Mzungu, mjane, na zamu yake ilikuwa sambamba na yangu. Mimi namwita Mama, kwa sababu sikuweza kumwita kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya vijana wa hapa, ulimi ulikataa. Mwanzoni alicheka. Siku hizi akinipigia simu anajitambulisha hivyo hivyo, kwa lafudhi yake: "Ni Mama."

Usiku mmoja wazee wamelala, tukala pamoja. Mimi nilikuwa na dagaa nilionunua duka la Waafrika. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza, na nikamweleza pia habari ya karabai na mwalo na wanawake wanaosubiri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Yaani umekulia ziwani na hujawahi kushika fimbo ya kuvulia?" Jumamosi iliyofuata akanichukua kwa gari lake. Mwendo wa saa moja na nusu, kusini.

Gati lake ni jukwaa la mbao linaloelea, limebebwa na maboya makubwa ya plastiki yaliyojazwa povu gumu. Katikati lina uwazi wa kuegesha boti, juu lina paa la bati. Chini yake maji yana kina cha mita saba hivi. Marehemu mumewe alikuwa amezamisha miti huko chini, mierezi na miti ya Krismasi ya majirani, imefungiwa matofali, na kila mwaka aliongeza mingine. Nilimuuliza kwa nini mtu azamishe miti chini ya nyumba ya boti. Akasema, "Kropi anapenda kukaa mahali penye paa na fanicha."

Hebu nieleze kwa nini Novemba. Kiangazi, maji ya juu ya ziwa la namna hii ni ya moto na ya chini ni ya baridi, na hayachanganyiki. Huko chini kabisa hewa huisha, samaki hawawezi kukaa. Msimu wa kupukutika majani ukiingia, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na ziwa zima linajikoroga kama uji. Wiki hizo kropi anatawanyika, unaweza kumkuta popote, kwa hiyo humkuti. Baadaye mambo yanatulia. Maji yanashuka hadi nyuzijoto 15, kisha 12, kisha 10. Shadi, samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao kwangu mimi ni dagaa wa huku, wanajikusanya kwa makundi kwenye ghuba, na kropi anawafuata. Akishapata chakula anatafuta kivuli na kitu cha kujiegemeza. Gati lina vyote viwili. Utamkuta ananing'inia katikati ya maji, si juu wala si chini, wamekaa kundi zima kimya kama watu wanaosubiri daladala.

Na usiku ndiyo usiseme. Baadhi ya wenye magati wamefunga taa za kijani chini ya maji. Shadi wanafuata mwanga, kropi wanafuata shadi. Siku ya kwanza kuiona ile taa nilikaa kitako. Ni karabai! Karabai ya umeme, iliyowekwa na watu ambao wengi wao hata hawavui, wanapenda tu kuona maji yanang'aa.

*

Sasa kuvua kwenyewe. Chambo chetu ni ndoano ndogo yenye kichwa cha risasi, wao huita jigi, imevalishwa mkia laini wa plastiki. Uzito wake haufiki gramu mbili. Mshipi ni mwembamba, wa ratili nne, ukiushika gizani huuhisi. Na tatizo ni hili: samaki yuko chini ya gati katikati kabisa, kwenye kivuli, na wewe huwezi kurusha kwa kupunga fimbo maana paa na nguzo zinakuzuia.

Basi wenyeji wanapiga upinde. Unaachia mshipi kiasi cha nusu ya fimbo, unashika jigi kwa vidole viwili, ndoano ikiangalia nje, unaivuta kwako hadi fimbo inakunjika, unainama karibu na maji, unaachia. Jigi inaruka kama mshale, inapita kati ya maboya, inagusa maji mara mbili tatu kama kijiwe cha mtoto, inazama gizani. Inahitaji shabaha, haihitaji nguvu. Vijana wenye misuli huishia kuigonga kwenye plastiki. Mimi niliyepaa samaki tangu nina miaka sita, nikiwa na kisu kinachoteleza na macho yanayochungulia mwiba, vidole vyangu vilijua kazi hiyo kabla yangu.

Halafu unasubiri. Macho ya kropi yamekaa juu ya kichwa, anaona vizuri kilicho juu yake, kwa hiyo jigi yako ipite juu ya kundi, isipite chini. Iache ishuke polepole. Mara nyingi hatakuvuta. Utaona tu mshipi umelegea, au umeenda pembeni kidogo, kana kwamba umebadili mawazo. Hapo inua fimbo taratibu. Ukimnyofoa kwa nguvu unabaki na ndoano tupu, kwani mdomo wake ni ngozi nyembamba kama karatasi, na wavuvi wa hapa wamempa jina hilohilo, mdomo-karatasi.

Wa kwanza nilimpata saa kumi na moja jioni, jua linazama. Nilimwinua, akaja amelala ubavu, mweupe, anang'aa. Mama mwenye gati akaleta rula. Sheria ya ziwa lile ni samaki 15 kwa mtu kwa siku, na asipungue inchi tisa, kama sentimita 23. Wangu alikuwa na kumi na kitu. Akasema, "Wako."

Msomaji, neno hilo dogo lilinikaa. Nimeshika maelfu ya samaki maishani. Kila mmoja alikuwa wa mtu kabla hajawa wangu.

Jioni ile tulipata tisa, mimi wanne. Kwao ilikuwa imeshafika usiku wa manane, nikasubiri kupambazuke Nansio, ndipo nikampigia mama kwa video na kumwonyesha sinia. Nilimwamkia, akaitikia, akasogeza simu karibu na jicho.

"Nani kakupa?"

"Hakuna, mama. Nimevua mwenyewe."

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata. Kisha akaniambia nimgeuze mmoja aone tumbo, akauliza kama wana mayai. Nikasema si msimu wake, hutaga masika. Akasema, "Haya. Wapake chumvi, usichelewe." Ndio ukawa mwisho wa mazungumzo.

*

Miaka mitatu iliyofuata, kila Novemba, nilikuwa na ufunguo wa lango la ngazi. Nilinunua kibali changu cha uvuvi, chenye jina langu, kinachoisha mwisho wa Februari kila mwaka. Mama mwenye gati yeye hakuhitaji, maana mkazi wa jimbo akifika miaka 65 anavua bila kibali. Alipenda kunikumbusha hilo. Alichotaka kwangu kilikuwa samaki wawili waliotolewa mifupa, kila nikija, na nisimwambie daktari wake kwamba anakula vya kukaanga.

Siku moja ya katikati ya juma nilikwenda peke yangu. Yeye alikuwa na miadi hospitali. Ilikuwa saa nane mchana, jua la baridi, upepo hakuna. Nilikuwa na saba ndooni, wote nimewapima. Nikasikia mbao zinalia. Mwanamume wa nyumba ya jirani alikuwa ameshuka ngazi, amesimama mwanzo wa gati, mikono mifukoni.

"Naweza kukusaidia?" akasema.

Aliyeishi Marekani analijua swali hilo. Likiulizwa dukani na mhudumu, ni swali la msaada. Likiulizwa na mtu aliyesimama kati yako na njia ya kutokea, msaada haumo. Nikasema asante, niko sawa, navua tu. Akaangalia ndoo, akaangalia gari langu kule juu, akauliza lile alilokujia: nani alinipa ruhusa ya kuwa pale?

Nilimtajia jina la mwenye gati. Akatoa simu, akampigia palepale, akaweka sauti ya nje. Nikasimama na fimbo yangu mkononi nikisikiliza watu wawili wakiniongelea. Mama mwenye gati alisema, kwa sauti ya mtu aliye kwenye foleni ya hospitali, "Huyo ni mtu wangu. Muache." Jirani akakunja uso kwa aibu kidogo, akaniambia nijisikie huru, wizi wa injini za boti umezidi siku hizi, si unajua. Akapanda zake.

Hakuuliza kibali cha serikali, kilichokuwa mfukoni kwangu. Hakuuliza urefu wa samaki wala idadi. Yote niliyojifunza na kuyalipia, upinde, kina, jigi, sheria ya inchi tisa, hayakuwa na uzito wowote katika mazungumzo yale. Uzito ulikuwa kwenye maneno matatu: mtu wangu, muache.

Nilirusha jigi mara chache zaidi, mikono haikutulia, nikafunga vitu vyangu.

*

Ziwa lile lina historia inayoeleza kwa nini swali hilo liko tayari mdomoni mwa kila mtu. Halikuwepo zamani. Kampuni ya umeme iliujengea mto Osage bwawa la Bagnell kati ya 1929 na 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na maji yakarudi nyuma kwenye mabonde yote na kuuzamisha mji wa Linn Creek ulivyokuwa. Mto umebeba jina la Waosage, watu waliokuwa na nchi ile, na waliondolewa kwa mikataba ya 1808 na 1825. Baada ya maji kujaa, sehemu kubwa ya ufuko iliangukia mikononi mwa watu binafsi. Ufuko una urefu unaozidi maili 1,100, umejikunja kama utumbo, na karibu kila kona ina gati. Hata gati lenyewe linahitaji kibali cha kampuni ya umeme, na namba yake hubandikwa kwenye mbao.

Sheria ya pale ni rahisi. Maji ni ya wote, mbao ni za mwenyewe. Mwenye boti anaweza kuja hadi mbele ya gati la mtu asiyemjua, akapiga upinde na kuingiza jigi chini ya mbao zake, na akishika samaki ni wake. Lakini asikanyage. Na asiye na boti, kama mimi, maji hayo ya wote anayaona kwa mbali tu, kupitia kati ya nyumba za watu.

Nilipomsimulia mama yangu habari ya jirani, nilitegemea atanihurumia. Alicheka hadi akakohoa.

"Sasa wewe ulidhani samaki ndiye anayekataliwa? Samaki hakataliwi. Unakataliwa pa kusimama."

Halafu akaniambia jambo ambalo katika miaka yake 74 hakuwahi kunisimulia. Akiwa msichana alivua. Wote walivua, wasichana wadogo, kwa ndoano na minyoo, wamekaa juu ya yale mawe makubwa yanayoingia majini upande wa kwao. Walileta furu na sato wadogo nyumbani na hakuna aliyesema ni mkosi. Waliachishwa walipovunja ungo. Baada ya hapo wakapelekwa mwaloni na mabeseni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanyia nini? Mawe yale kwenu hayakuwepo." Akafikiri. "Jiwe halina tajiri, mwanangu. Mtumbwi ndio una tajiri."

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mchuuzi wa samaki angelifikiria. "Huyo wa kwenu huko, mdomo wake mgumu au laini?"

Nikamwambia laini, kama karatasi.

"Basi usimvute," akasema. "Mwinue."

*

Mwaka jana mwezi wa Agosti mama mwenye gati aliuza nyumba. Ngazi zilikuwa 62 kutoka barabarani hadi majini, na magoti yake yalikuwa yameshazihesabu zote. Bima ilipanda, bati la gati lilitaka kubadilishwa, na watoto wake wako mbali. Amehamia nyumba ya chini, isiyo na ngazi, hapa hapa Columbia. Aliniambia tukiwa kazini, akiwa na haya, kana kwamba alikuwa ananifukuza. Akasema amewaomba wanunuzi wapya waniruhusu niendelee. Walijibu vizuri tu, kwamba watafikiria, na nadhani kweli walifikiria.

Sikuwalaumu. Ningewaza nini mimi kama ningenunua nyumba, nikaambiwa kuna mwanamke fulani huja na ndoo?

Nimeyapima sana mambo haya mawili, la mwaloni kwetu na la gati. Hayafanani, na sitaki kumdhulumu yule mama kwa kuyafananisha. Tajiri wa mtumbwi alitoa ili apate. Huyu alitoa kwa sababu alikuwa na nafasi, alikuwa mpweke, na alipenda kampuni ya mtu anayejua kupaa samaki. Hakunidai kitu. Wema wake ulikuwa wema. Lakini hata wema una mwisho wake, na mwisho wake haukuwa mikononi mwangu. Mwenye kutoa aliposhuka ngazi mara ya mwisho, na mimi nilishuka naye. Samaki walibaki palepale chini ya mbao, wakingojea shadi, hawajui gati limebadili jina.

Kwa hiyo Novemba iliyopita nilipanda mto. Juu ya Lake of the Ozarks, kwenye mto uleule wa Osage, kuna bwawa jingine, la Harry S. Truman, lililokamilika 1979. Hilo lilijengwa na jeshi la wahandisi la serikali, na ardhi inayozunguka maji ni ya umma. Magati ya watu binafsi hayapo. Unaegesha gari, unateremka kwa miguu, unasimama popote mguu unapokubali. Hakuna paa, hakuna taa ya kijani, hakuna mierezi iliyofungwa matofali na mume wa mtu. Kilichopo ni miti. Walipojaza bwawa waliacha misitu mizima imesimama majini, na hadi leo vigogo vya kijivu vimechomoza juu ya maji kama makaburi yasiyo na majina. Kropi anajiegemeza kwenye hivyo vigogo kama alivyojiegemeza kwenye gati.

Ni kazi ngumu zaidi, nisikudanganye. Huwezi kupiga upinde kwenye matawi. Unashusha jigi wima chini ya boya dogo, kando ya kigogo, na matawi yanaitaka kuliko samaki. Siku ya kwanza nilipoteza jigi saba na kupata kropi watatu, mmoja mfupi nikamrudisha. Upepo unakuchapa hakuna kitu cha kukukinga. Kwenye gati siku kama hiyo ningekuwa na kumi na tano na chai ya moto.

Safari ya pili nilikwenda na wenzangu wawili tunaosali pamoja, Wakongo, mmoja wa Uvira na mmoja wa Kalemie, ambao wamekulia Tanganyika na kusubiri mitumbwi kama mama yangu alivyosubiri. Kila mmoja alikuwa na kibali chenye jina lake kwenye simu. Wa Uvira alikisoma mara mbili garini kwa sauti, jina lake lote, na la baba yake ndani. Nikawafundisha fundo la kufungia jigi, nikawaambia mdomo wa samaki huyu ni karatasi, asivutwe.

Na mama mwenye gati alikuja pia. Alikaa kwenye kiti cha kukunja juu ya changarawe, blanketi magotini, akilalamika mfululizo: miti ni mingi mno, boya letu kubwa mno, mumewe asingeegesha gari mahali pale. Saa kumi boya lake likaenda pembeni kidogo. Sote tulinyamaza. Akainua taratibu, kama alivyonifundisha, akamtoa mweusi mnene, miiba minane, tukamhesabia.

"Rula," akasema.

Nikampelekea rula. Inchi kumi na moja.

"Wako," nikamwambia.